Asante ya Mzee Zakayo

Atupele mwanangu,

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, umevaa sweta langu la kijivu bila kuniomba, na nimekusikia ukicheka na watu mpaka kule kwenye kona ya mashine ya kusaga. Mimi ni mzima, mgongo tu, na huo mgongo umeshauzoea. Basi salamu zimekwisha.

Najua shangazi hatakuachia mapema. Atakupikia, atakuombea, atakufungia mablanketi utadhani Mbeya hakuna maduka. Mambo ya baridi, ya chumba na ya kula kwa wakati nimemwachia yeye, ana kipaji nayo. Mimi nimekaa karakana, juu ya tenga la nyanya ambalo bado sijalipigilia kifuniko, naandika kabla giza halijaingia. Jambo lenyewe nimejaribu kukuambia kwa mdomo tangu ulipopata nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji. Kila nikianza unaniangalia kwa macho ya mama yako, naishia kukuuliza kama umekula.

Nikuambie mapema ili usisome kwa wasiwasi. Sikuzuii kwenda. Nakuomba tu uchelewe kidogo, na nitakueleza kwa nini. Ukishasoma utaamua mwenyewe, wewe ni mtu mzima na daktari wa watu.

Nimekuangalia ukijifunza hapa nyumbani. Uliponiambia unataka kuwa bingwa wa kupasua, nilidhani utasoma vitabu tu. Kumbe kila stuli ya nyumba hii itafungwa mafundo. Ulichukua uzi wangu wa kushonea viroba, ukawa unaufunga kwenye mguu wa stuli kwa mkono mmoja huku unaongea na simu, unafungua, unafunga tena. Halafu ukaanza kuja na miguu ya nguruwe kutoka kwa muuza kitimoto, unaichana na kuishona juu ya meza tunayolia chakula, mpaka Mama Salma jirani, Mwislamu wa watu na mstaarabu kuliko sisi wote, akaacha kuja kunywa chai bila kusema neno. Nilikutania kwamba siku hizi tunakula mboga yenye mishono. Lakini nilikuwa naiangalia mikono yako. Mimi ni fundi, napigilia matenga tangu sijaoa, na mkono unaojua kazi naufahamu. Mshono wako wa mwisho niliupitishia kidole ulipokuwa umetoka, sikuhisi ulipoanzia.

Nimekusikia pia ukilalamika, na nilikuwa nasikiliza hata nilipojifanya nagonga misumari. Kwamba bingwa ni mmoja na wagonjwa wanatoka wilaya nzima. Kwamba mtaalamu wa dawa ya usingizi akiugua, thieta inafungwa. Kwamba jenereta huchagua siku. Kwamba watu wanakaa na uvimbe nyumbani mpaka unapasuka, kisha wanaletwa wakiwa hoi na mnaulizwa mbona hamkuwaponya. Kwamba wale vijana wenzako wanapiga picha matumbo ya watu na kurushiana kwenye simu, na wewe uligombana nao. Yote hayo unayajua kuliko mimi na utayapigania kwa namna yako.

Kuna kitu kimoja tu sijawahi kukusikia ukisema umefundishwa, nacho ni kutoka nje kwenda kuwaambia ndugu wa mgonjwa. Nilikuuliza siku moja tukimenya viazi, ukanijibu, "Baba, hiyo mtu unajifunzia kazini. Bingwa akimaliza anavua glavu, anasema, Atu nenda kawaambie." Ulisema huku unacheka, lakini kicheko chako cha kweli nakijua na kile hakikuwa chenyewe.

Sasa nikurudishe kwa mama yako.

Unajua alikufaje. Wewe ndiye uliyenieleza, ukiwa bado chuoni, ukachora shingo nyuma ya kalenda ya usharika. Hapa ndipo goita, ule uvimbe wa shingo, ilipokuwa. Hapa walifunga mishipa ya damu. Hapa mmoja ukafunguka baadaye, damu ikajaa ndani, ikabana koo, akakosa hewa. Ulisema kama mtu angekuwepo karibu ya kitanda, akaufungua ule mshono palepale, huenda angepona. Ulieleza vizuri sana. Kisha nikaenda kupigilia matenga.

Usichokijua ni namna nilivyoambiwa mimi.

Ulikuwa kidato cha pili, bwenini. Mama yako alikuwa ameificha ile goita chini ya kitambaa miaka mingi, anasema kwao Tukuyu nusu ya akina mama wanayo na hakuna aliyekufa nayo. Ilipoanza kumkata pumzi akilala chali, ndipo akakubali. Tulikwenda hospitali ya mbali. Jina lake sitaliandika, maana watu wa wakati ule wameshaondoka na wengi wao walikuwa wema. Aliingia thieta asubuhi, akatoka, akaongea na mimi kwa sauti ya kukwaruza. Aliniagiza nisisahau kuku. Nikaenda kutafuta mahali pa kunawa uso. Niliporudi mlango wa wodi ulikuwa umefungwa, watu wanakimbia ndani, nikaambiwa nikae kwenye benchi nisubiri.

Baadaye sana akatoka daktari mmoja, kijana kabisa, jasho limemlowesha kola. Akaniuliza kama mimi ndiye mume. Akanishika bega, akasema, "Baba, mama amepumzika."

Nikamwambia, "Asante sana, daktari. Mungu akubariki."

Nilifurahi, Atu. Nataka ulijue hilo, maana sijawahi kulisema kwa mtu wa nyumbani. Nilikuwa roho juu, nimeona watu wanakimbia, na sasa naambiwa amepumzika. Nikaelewa wamemtuliza, amepata usingizi. Nikatoka kwenda kumtafutia maziwa na ndizi laini, kwa sababu mtu aliyepasuliwa shingo hawezi ugali. Njiani nikaazima simu, nikampigia matroni wenu, nikaomba kusema na wewe. Nikakuambia mama amepumzika, operesheni imekwenda salama, wewe soma. Ulipiga kelele ya furaha, na nikasikia wenzako nao wanashangilia.

Niliporudi na maziwa, nesi mmoja aliniangalia, akayaangalia maziwa, akageukia ukutani. Ndipo nilipojua.

Kesho yake ulipoletwa nyumbani hukunisalimia. Ulisema tu, "Uliniambia yuko salama." Kwa muda mrefu uliamini nilikudanganya ili ufanye mitihani yako kwa utulivu. Nikakuacha uamini hivyo. Niliona afadhali uwe na baba mwongo kuliko kuwa na baba aliyemshukuru mtu kwa kumpa habari za kifo cha mkewe. Ulinikasirikia karibu mpaka unaingia chuo. Nilistahimili, kwa sababu nilidhani aibu ile ni yangu peke yangu na kwamba nitaondoka nayo.

Halafu ikaja siku ile ya mwezi uliopita.

Unaikumbuka kwa sababu ulikuta hotpoti ya wali na maharage kwa nesi wa zamu, ukanipigia simu kunishukuru, ukauliza mbona sikukusubiri. Nilikujibu kwamba nilikuwa nawahi gari. Haikuwa kweli. Nilikuwepo. Nilikuwa kwenye benchi la nje ya thieta tangu saa za asubuhi, maana waliniambia umeingia na dharura na hujala tangu jana yake.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, kavaa koti zito la sisi watu wa milimani japokuwa yeye ametoka kwenye joto. Tukaamkiana, kamwene, kamwene, tukaanza kuongea. Jina lake mzee Zakayo, analima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Aliyekuwa ndani ni kitinda mimba wake, Festo, kijana wa bodaboda. Alikwepa ng'ombe, akaanguka, usukani wa pikipiki ukampiga tumboni. Kwanza alijiona mzima, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kesho yake tumbo likavimba, akaanza kuzimia. Mzee alikuwa ametolewa damu ya kumwongezea, na binamu za kijana nao wametolewa, wameshakwenda kutafuta chai, kabaki yeye. Aliniuliza kama mtu akitoka kupasuliwa tumbo anaruhusiwa kula. Mimi nikajifanya mjuzi, baba wa daktari. Nikamwambia uji mwepesi labda, usiotiwa karanga, lakini asubiri daktari atasemaje.

Ukatoka. Barakoa ilikuwa imening'inia kidevuni na ulikuwa umechoka mpaka ulinipita bila kuniona, nami nimeinuka kunyoosha mgongo kando ya benchi. Ulimwamkia mzee shikamoo, ukachuchumaa mbele yake ili asikuangalie juu. Niliona fahari, nakwambia kweli. Nikajisemea huyu nimemlea mimi. Ukamwambia, "Mzee, tumejitahidi sana. Damu nyingi ilikuwa imeshamwagika ndani. Kijana amepumzika."

Mzee Zakayo akaushika mkono wako kwa mikono yake yote miwili, akainama, akasema, "Asante, mwanangu. Asante sana."

Ulibaki hapo kidogo umemshika. Nesi akakuita, kulikuwa na mama mjamzito anasubiri meza ileile. Ukainuka, ukafuta macho kwa kiwiko, ukarudi ndani. Kwa hiyo najua hukumwambia kwa ubaya, na najua uliumia. Uliisikia asante yake ukadhani ni ya mfiwa anayekubali mapenzi ya Mungu. Hata mtu mwingine yeyote angedhani hivyo.

Mzee akanigeukia anatabasamu. Akaniuliza uji unauzwa wapi.

Ningeweza kugonga ule mlango nikakuita. Nimejiuliza sana tangu siku ile kwa nini sikugonga. Nadhani sikutaka manesi wako wajue kilichotokea na aliyekifanya. Nilikulinda wewe kwanza, nikamwacha mzee wa watu anashuka ngazi kwa furaha. Kisha miguu ikaniwasha, nikamfuata.

Nje ya geti kuna mama anayeuza uji wa ulezi, unamfahamu. Mzee alikuwa ameshampa chupa ya chai aijaze. Anamweleza utie mwepesi, usitie karanga, ni wa mgonjwa ametoka kupasuliwa. Maneno yangu mwenyewe. Nikaweka mkono juu ya ile chupa.

"Mzee mwenzangu," nikamwambia, "Festo amekufa."

Akaniangalia. "Nani kakuambia?"

"Daktari. Amekuambia wewe, pale mlangoni."

"Si amesema amepumzika?"

"Ndiyo. Ndivyo wanavyosema."

Akamgeukia mama wa uji, kama vile yeye ndiye anayeweza kutuamua. Yule mama akaweka upawa chini, akajifunika uso kwa kanga, akaanza kulia. Mzee hakulia. Aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia yule daktari ni mwanangu wa kumzaa, na mimi niliambiwa hivyohivyo siku mama yake alipokufa, nami nikaenda kununua maziwa.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chupa ilikuwa mapajani, kaikumbatia. Tulikaa pale mpaka wateja wakaanza kupita kando yetu. Mwishowe akasema, "Mimi nimemwambia asante." Akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Nimemwambia asante sana."

Nilirudi naye ndani. Nilisimama naye alipofunuliwa kijana. Sitakuandikia alivyolia.

Siku mbili hizo nilizokuaga kwamba nashuka kutafuta mbao, nilikuwa nashuka kwenda kwake. Ya kwanza ilikuwa ya mazishi. Ya pili nilikwenda kumjulia hali. Vile vitunguu vikubwa vyekundu ulivyovisifia, ukasema nimevipata wapi vizuri namna hii, ni vya shambani kwake. Alinifungia mwenyewe. Nilikaa mezani nakuangalia unakula kachumbari yake, sahani yangu nikaisukuma kando.

Mara hii ya pili tulikaa kwenye kivuli cha kibanda chake cha kuanikia vitunguu. Nilidhani atanilaumu. Nilikuwa nimejiandaa, nimepanga na maneno ya kukutetea: uchovu, mjamzito anayesubiri, bingwa kukutuma wewe. Sikuhitaji hata moja. Aliniambia hivi.

"Mwanao mimi sina kesi naye. Bandama ya Festo si yeye aliyeipasua, na amehangaika naye, nilimuona macho. Lakini nikikaa peke yangu najiona nimemshika mkono, nimeinama, nashukuru. Mtoto wangu amekufa pale ndani na mimi nashukuru. Watu wote walionipita wameniona. Ile asante naitaka. Anirudishie."

Nikamuuliza asante inarudishwaje.

"Sijui," akasema. "Yeye ndiye kasoma."

Nimekuja nayo maneno hayo mpaka nyumbani, nimekaa nayo, na sikukuambia. Ulikuwa unafunga vitabu vyako, unaimba. Nikasema nikuache uende, mzee atasahau. Lakini mimi sijasahau yangu mpaka leo, na wewe ulikuwa mtoto wa sketi ya shule wakati ule. Kwa hiyo nilikuwa najidanganya tena.

Nimelifikiria sana lile neno. Halina ubaya wake. Bibi yako wa Tukuyu nilimwambia kwa neno hilohilo kwamba binti yake amepumzika, naye alielewa kabla sijamaliza, kwa sababu nilikuwa nimeingia kwake na mchungaji ubavuni. Kanisani tunalisema, kwenye matangazo ya vifo tunalisema. Lakini kwenye benchi la thieta, kila mtu anaomba mgonjwa wake apumzike. Ndicho alichokaa pale kukisubiri. Ukimwambia amepumzika umempa alichoomba, na sisi watu wa huku tumelelewa kwamba ukipewa, unashukuru.

Na sasa naandika kitu ambacho kimeniuma kuliko vyote, mwanangu. Neno hilo nilikufundisha mimi. Huenda hukumbuki, ulikuwa mdogo hata shule hujaanza. Jirani yetu wa upande wa mtoni alikuwa amefariki, watu wamejaa nyumbani, ukaingia mbio ukasema kwa sauti mbele ya wageni, "Babu amekufa." Nilikushika mkono nikakutoa nje. Nilikukemea. Nilikuambia mtu hafi kama kuku, mtoto mwenye adabu anasema babu amepumzika. Ulilia, kisha ukarudi ndani ukasema vizuri, kwa adabu, na watu wakakusifu, nami nikavimba kichwa. Pale kwenye benchi, ulipochuchumaa mbele ya mzee Zakayo, ndiye yule mtoto niliyemkemea. Ulifanya nilivyokufundisha. Nikiisema hivi naona maandishi yanacheza kwenye karatasi, itabidi nipumue kidogo kabla ya kuendelea.

Nimerudi. Nimechemsha chai, imepoa, basi.

Huko Mbeya utafundishwa na mabingwa, watu walioona mengi, na utawaheshimu kama inavyopasa. Utakuwa mdogo kwao. Wakimaliza kazi watavua glavu na watakutuma wewe mlangoni, kwa sababu nao walitumwa walipokuwa wadogo. Nenda. Usikatae, watakuona mjeuri. Lakini ukifika pale usimpe mtu adabu mahali anapohitaji habari. Kaa chini kama ulivyokaa. Sema jina la mgonjwa. Sema amekufa. Utajisikia mkatili, mdomo wako utakataa, hilo nalijua kwa sababu wangu ulikataa pale kwenye uji mpaka nikausukuma. Na siku moja wewe ndiye utakuwa unavua glavu, na kutakuwa na mtoto wa mtu mwingine amesimama pembeni yako amechoka. Siku hiyo nakuomba usimtume. Toka naye.

Sitaki kukuhubiria. Kama ningejua haya mapema nisingekuwa nayaandika kwenye tenga la nyanya.

Basi ombi langu. Kesho magari yatapita hapa mbele ya nyumba pande zote mbili. Ya Mbeya yanapanda kwenda Iringa mjini, ya Ruaha Mbuyuni yanashuka mlima wa Kitonga. Kuripoti kwako ni Jumatatu na kesho ni Ijumaa. Mabegi yako nitayaacha kwa shangazi. Tushuke wote kwanza. Mzee hajui kama tunakuja, sikumwahidi kitu, nilimwambia tu kwamba nitakuuliza.

Utamwambia nini, mimi sijui, nami sikusoma. Nikifikiria mimi ningetaka nini, ningetaka nipewe lile neno lenyewe. Mwambie Festo alikufa. Mwambie alikufa mezani, mikono yenu ikiwa inamtafutia uzima. Kama alisema jambo kabla hajalazwa na dawa ya usingizi, mwambie, hata kama aliuliza pikipiki iko wapi. Mzee hajui mwanawe alisema nini mwisho, na hakuna wa kumwambia isipokuwa ninyi mliokuwa mle ndani. Akikutukana, mwache. Akinyamaza, kaa naye. Usimshike mkono mpaka aushike yeye wako.

Naogopa, Atu. Naogopa ukisoma hapa utasema hufai kazi hii, utafungua mabegi. Wiki nzima nimekuwa na hofu hiyo, ndiyo iliyonifunga mdomo. Nakuomba usifanye hivyo. Mtu asiyefaa asingefuta macho kwa kiwiko. Na naogopa kwa upande mwingine, kwamba utakwenda moja kwa moja Mbeya, uwe bingwa, watu wakuimbie sifa, huku kuna mzee Ruaha Mbuyuni anaona aibu ya mikono yake mwenyewe. Ukiamua kupanda la Mbeya, nitakubebea begi mpaka barabarani na sitakununia. Nitaumia tu, na maumivu nimeyazoea.

Yule daktari kijana aliyenishika bega nilimtafuta baadaye. Nilirudi kule hospitali, nikauliza, wakaniambia alihama, na walionijibu hata sura yake hawaikumbuki. Sikuwa na ugomvi naye. Nilitaka tu kumwambia kwamba sikuwa nimeelewa. Asante yangu anayo mpaka leo, huko aliko, na sidhani kama anajua kwamba anayo. Ya mzee Zakayo unayo wewe, na wewe sasa unajua.

Baba yako